Tanuru la Ikombe na Boti ya Akina Mama

Ikombe,
6 Aprili 2025

Mwanangu Jeni,

Ugonile? Usishangae shangazi yako Mkisi kukuamkia kwa Kinyakyusa. Ni huyu mkamwana wangu Asifiwe. Tangu Gideoni amtoe kwao Talatala, hakuna asubuhi anayoniacha nipite mlangoni bila kuniuliza nimelalaje. Nami nimezoea, nisipoulizwa naona siku haijaanza. Sisi wazima. Goti langu la kulia tu ndilo linaloringa, nikitaka kupanda ngazi za kanisa mpaka nilibembeleze.

Asifiwe ana mimba. Ni changa bado, na yeye anadhani hatujui. Anakataa usipa, wale dagaa wa ziwa letu, yeye aliyekuwa akiwala mpaka vichwa! Gideoni anatembea kijijini kifua mbele kama amechaguliwa diwani.

Boti ya akina mama inafanya kazi. Mwezi wa pili ilimpeleka Veronika, mke wa mwinjilisti, mtoto alikuwa amekaa vibaya tumboni. Nsajigwa aliwasha injini, na jioni aliporudi akasema walitumia dakika ishirini na tano tu kufika hospitali ya Matema. Kwa mtumbwi unajua wewe, uliyekulia hapa. Mama mzima, mtoto mzima. Kila nikiiona boti imefungwa pale mchangani nakumbuka ni wewe uliyetuombea kwa hao wafadhili wa ofisi yenu. Wanawake wote wanasema hivyo, usidhani nakupamba.

Tanuru la vyungu mlilotujengea lipo, tunalifagia. Nina neno moja tu. Wageni wakitaka kuja tena kuliangalia, tuambie siku tatu kabla. Si mbili, tatu. Simu usipige, mtandao wa huku unanikatisha katikati ya neno, na jirani wote wanakuwa wamesikiliza.

Shangazi yako,
Damari

*

Dodoma,
28 Aprili 2025

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Barua yako imenifikia wiki mbili baada ya wewe kuiandika, imekaa Kyela posta ikimsubiri nani sijui. Mimi ni mzima, kazi tu ndiyo inanipeleka mbio. Nimefurahi sana kwa habari ya Asifiwe. Mwambie ale matunda, na usimcheke mbele za watu, nakujua.

Sasa nikwambie ya huku. Picha yako ile ya siku ya uzinduzi, umeshika chungu mbele ya tanuru, imetundikwa ukutani kwenye wizara ya wafadhili wetu, huko kwao. Bosi wangu, Bwana Anyitike, alinionyesha kwenye simu yake. Wakubwa wanapita chini yako wakienda vikaoni. Nilijivuna kidogo, nisikufiche.

Ila mambo yamebadilika huko kwao. Walifanya uchaguzi, wameingia wengine, na hawa wapya wana sera nyingine ya misaada. Wanasema wananchi wao wamechoka kugawa. Wanataka fedha iende palipo na biashara, watu wauze, wajitegemee. Huduma kama za afya wanasema ni kazi ya kila serikali kwa watu wake. Ofisini sasa tunasema ushirikiano. Ukiteleza ukasema msaada kwenye kikao, unaangaliwa kama umepiga chafya juu ya chakula.

Kwa hiyo mimi, ambaye kazi yangu ni kuandika taarifa, natakiwa kupeleka mifano ya mafanikio. Naomba unisaidie kitu kidogo. Kwa mwezi mnachoma vyungu vingapi kwenye tanuru? Nipe idadi tu, hata ya kukadiria.

Wasalimie wote. Gideoni mwambie aache kuringa, mtoto hajazaliwa.

Mwanao,
Jeni

*

Ikombe,
1 Juni 2025

Mwanangu Jeni,

Barua nimeipata Jumamosi, Nsajigwa aliichukua Kyela alipokwenda kutafuta mafuta ya boti. Tunaendelea vizuri. Mvua zimepungua, na wakwe zetu wa Talatala wamevuna mpunga, wametuletea gunia zima na mkungu wa ndizi uliomshinda Gideoni kubeba. Asifiwe mimba imetulia, usipa umerudishwa mezani. Miguu yake inavimba kidogo jioni. Muuguzi wa zahanati yetu amesema tumwangalie, na siku ikifika asijifungulie hapa, apelekwe Matema.

Hiyo picha yangu ukutani, nimeisikia. Nilikuwa nimevaa kitenge gani? Natumaini si kile kilichochanika pembeni.

Uliniuliza habari za vyungu. Tunafinyanga kama siku zote. Udongo mzuri umepatikana kule kwa akina Daniel, na juzi tumepeleka mtumbwi mzima mnadani Matema, vyote vikaisha. Wanawake wa Kyela walikuwa wanagombea vile vya kupikia maharage.

Nsajigwa hakupata mafuta ya kutosha. Ameambiwa ya mwezi huu yamepunguzwa na asiwashe injini ila kwa mgonjwa mahututi. Ndiyo nini hiyo? Mtu apimwe umahututi kwanza ndipo apande? Nieleze wewe uliye karibu na wakubwa.

Shangazi yako,
Damari

*

Dodoma,
22 Juni 2025

Shangazi,

Shikamoo. Nimesoma barua yako mara tatu nikitafuta idadi, sikuiona. Umeniambia mnadani, umeniambia maharage, lakini vyungu vya tanuru hukuniambia.

Nakueleza wazi kwa sababu umeniuliza. Bajeti yetu imekatwa nusu. Wafadhili wameagiza kila wilaya ibaki na mradi mmoja tu, ule wenye matokeo yanayoonekana. Kyela tunayo miwili, boti yenu na tanuru lenu. Uamuzi utafanywa mwezi wa nane, kwenye kikao hapa Dodoma. Tanuru likishinda wanataka kujenga mengine sita kando ya ziwa, na ofisi yetu itaendelea. Na mimi nitaendelea, shangazi. Wenzangu wanne walishaaga mwezi uliopita, mmoja alilia kwenye ngazi akiwa na boksi la vitu vyake.

Boti usiitie moyoni sana. Inasemekana itakabidhiwa mahali pengine pa kuitunza, haitapotea.

Nipe idadi, tafadhali. Kama ni mia andika mia.

Mwanao,
Jeni

*

Ikombe,
20 Julai 2025

Jeni mwanangu,

Hatujambo. Asifiwe anatembea polepole sasa, anashika kiuno kama bibi. Baridi ya mwezi huu imelibana goti langu. Nimemaliza salamu, maana leo nikiendelea na salamu nitajificha humo humo.

Hii barua nimeianza mara mbili nikaichana. Ya tatu ni hii, imekaa wiki nzima ndani ya Biblia na kila nikisoma Zaburi inaniangalia. Nisikilize mpaka mwisho, mama.

Unamkumbuka Mzee Tomasi, yule fundi wao mwenye nywele nyeupe aliyejenga tanuru. Alikaa na sisi wiki tatu, alilala nyumba ya kanisa, akala usipa na mifupa yake, mikono yake ikapasuka kwa saruji. Akaondoka, akatuambia matofali yakauke mwezi mmoja kisha tuchome, naye atarudi pamoja nanyi kwenye uzinduzi. Tukafanya alivyosema. Tulitia vyungu ishirini na viwili. Tukasikia ndani vinalia kama bisi. Tulipofungua, hakikuwepo hata kimoja cha kuchotea maji. Tukajaribu tena kwa moto mdogo, na mara ya tatu kwa kuni nyingine. Vigae vitupu. Udongo wetu umezoea moto wa wazi, kuni chini na nyasi juu, upepo ukipita. Ukiufungia unapasuka. Bibi zetu walijua, nasi tulijua, ila nani angemwambia mtu mzima aliyevuka bahari?

Kisha ukaleta habari kwamba mnakuja Alhamisi. Tulikaa kanisani wanawake kumi na mmoja. Wengine walisema tuseme ukweli. Mimi, mwenyekiti wao, ndiye niliyekataa. Nilisema hatuwezi kumwaibisha mgeni aliyekula kwetu, na hatuwezi kumwaibisha Jeni aliyemleta. Tukachoma vyungu kwa nyasi kama siku zote, siku mbili kabla. Alfajiri ya Alhamisi tukavipanga ndani ya tanuru, tukawasha moto kidogo mlangoni ili moshi utoke juu. Mzee Tomasi alipofungua akaona vyungu vyekundu, vizima, alinikumbatia huku machozi yanamtoka. Ungekuwa wewe ungemwambia?

Tangu siku hiyo wageni wamekuja mara nne, na mara nne tumefanya hivyo hivyo. Ndiyo maana nakuomba siku tatu. Hatukutaka kula cha mtu. Ilianza kuwa heshima, na sasa ni uongo, na sijui ni siku gani iligeuka. Uso sina wa kuuweka, Jeni. Nimeimba kwaya miaka thelathini na nimedanganya watu wazima kwa moshi.

Kwa hiyo idadi uliyoitaka ni hii: hakuna. Hata kimoja. Waandikie hivyo, kabla ya hicho kikao. Waambie boti ndiyo inayofanya kazi. Mimi niko tayari kuaibika mbele yao wote, ila boti ibaki. Asifiwe atajifungua mwezi wa kumi na moja.

Shangazi yako aliyekosa,
Damari

*

Dodoma,
14 Septemba 2025

Shangazi,

Shikamoo. Samahani kwa kimya. Barua yako ilichelewa sana kunifikia, sijui posta wanafanya nini siku hizi. Nilikuwa na safari pia, Morogoro na Iringa, na homa kidogo.

Nimekusikia. Usijilaumu kupita kiasi. Mambo kama hayo yapo kwenye miradi mingi, changamoto za teknolojia, ndivyo tunavyoyaita.

Kikao kilishafanyika. Walichagua tanuru. Boti itarudishwa kwa shirika mwisho wa mwezi huu, itahifadhiwa ghalani mpaka taratibu za makabidhiano zikamilike. Nsajigwa aiandae, injini ifutwe mafuta.

Katikati ya mwezi wa kumi na moja wanakuja wageni wakubwa, wawili kutoka serikalini kwao, kuliona tanuru kabla ya kuanza yale sita. Nakutaarifu mapema, si siku tatu tu. Nakuomba shangazi, kwa mara hii moja, yaandaeni mambo kama mlivyozoea. Yakishapita hayo tutatafuta njia ya kulirekebisha kwa utulivu. Ukweli ukitoka sasa hivi, kila mtu ataanguka na boti haitarudi.

Mwambie Asifiwe ahamie Talatala kwa mama yake mwezi wa kumi, huko kuna barabara ya kufika hospitali. Nimempelekea kanga mbili kwa basi la Mbeya.

Jeni

*

Ikombe,
23 Novemba 2025

Jeni,

Tumepokea kanga. Ni nzuri, moja ni ya bluu. Gideoni yuko hapa, hafanyi kazi siku hizi, anakaa. Goti langu si kitu. Watu wametujia kwa wingi, na wa Talatala walikuja na mikeka yao, wakalala kwetu siku nne, Mungu awabariki.

Asifiwe ni mzima. Naanza na hilo ili usome yanayofuata ukiwa umekaa.

Hakuhamia kwao. Miguu ilivimba mno, na yeye alisema hawezi kukaa kwenye mtumbwi kisha kwenye bajaji mpaka Talatala. Tulipanga tumvushe Matema wiki ya pili ya mwezi, asubiri huko kwa dada yake Kisa. Uchungu ukamshika tarehe kumi na moja, asubuhi, kabla ya siku zake. Ziwa lilikuwa limechafuka. Nsajigwa, Gideoni, Daniel na mdogo wake walipiga kasia wanne. Tulitoka saa tatu, tukafika saa saba na nusu. Mtu akiniuliza ilikuwaje katikati, sisemi. Nilikuwa nimemshika kichwa, nikawa namwimbia, na kila nikiinua macho naona Matema iko pale pale.

Mtoto alikuwa wa kike. Hakulia. Muuguzi alikuwa mwema, hakutulaumu, alisema tu kwamba walihitaji saa moja zaidi. Jina ambalo Asifiwe alikuwa amemwekea ni lako, kwa sababu ya boti. Tumemzika kwa jina hilo.

Wageni wako walikuja siku saba baadaye. Bwana Anyitike aliwaleta. Alisema wewe una malaria, pole. Ni wanawake wawili, mmoja kijana kabisa, wametulia, wamevaa vizuri, wakatupa pole ya msiba kwa Kiswahili walichojifunza njiani. Wanawake wenzangu walikuwa wameshachoma vyungu vya kuwaonyesha, vimekaa kanisani vimefunikwa. Mimi nikasema hapana. Nikachukua vyungu kumi na vinne vibichi, vizuri, vimekauka kivulini wiki mbili, nikavitia kwenye tanuru mbele ya macho yao, nikawasha mwenyewe. Nikawawekea viti. Nikawaambia, leo tutangoja pamoja.

Vilianza kulia kabla hata chai haijaisha. Kimoja, kisha viwili kwa pamoja, kisha mfululizo. Bwana Anyitike alitazama viatu vyake. Wanawake wetu walijifunika kanga. Moto ulipopoa tukafungua, nikaingiza mkono, nikamwekea yule kijana kigae mapajani, nikamweleza kila kitu, Mzee Tomasi, nyasi, moshi, yote. Sikubakiza aibu hata ya akiba.

Unajua alisemaje? Hakukasirika. Ningeshukuru angekasirika. Alisema asante kwa uwazi wenu. Akaandika. Akasema ni wazi kuwa akina mama wanahitaji mafunzo zaidi ya kutumia tanuru, na hilo litaingizwa kwenye awamu inayofuata. Nikamwambia hatutaki mafunzo, tunataka boti, na kaburi liko pale nyuma ya kanisa, twende akaone. Akanishika mkono, akasema boti ni huduma, na huduma haimo kwenye sera yao kwa sasa. Nadhani alitaka kulia. Kaburini hakwenda, Bwana Anyitike alisema ziwa litawachafukia.

Kabla hawajapanda chombo, waliniuliza kama kuna mtu ofisini kwenu aliyejua. Nilisema hakuna. Nilisema tuliwaficha wote, hata mtoto wetu anayefanya kazi kwenu tulimficha. Barua yako ya mwezi wa tisa nilishaitia kwenye tanuru pamoja na vile vyungu. Ndicho kitu pekee kilichoungua vizuri mle ndani.

Usinishukuru kwa hilo. Sikulifanya kwa upendo peke yake. Nilichoka, na nilitaka iwe aibu ya mtu mmoja, nijue mahali ilipo.

Damari

*

Matema,
13 Desemba 2025

Shangazi,

Shikamoo. Naandika hapa Matema, nyumba ya wageni iliyo karibu na mnada. Nimefika Alhamisi. Jana mtumbwi wa Nsajigwa uliondoka bila mimi, na leo asubuhi umekuja tena, akinamama wa Ikombe wakashuka na vyungu wakapita karibu yangu, nikageuka nikajifanya nachagua nyanya. Atakaporudi huko jioni atakuletea hii.

Sikuwa na malaria.

Barua yako ya mwezi wa saba haikuchelewa. Niliipata tarehe mbili Agosti. Kikao kilikuwa tarehe kumi na tisa. Nilikuwa na siku kumi na saba, shangazi, na barua ilikuwa kwenye mkoba wangu chini ya meza wakati wanapiga kura. Bwana Anyitike aliniuliza mbele ya watu, Jeni, wewe ni mtoto wa pale, tanuru linafanya kazi? Nikasema, akina mama wanajivunia sana. Ndivyo nilivyosema, neno kwa neno. Wakaandika, wakaendelea.

Na kuna la nyuma zaidi. Wewe ulidhani ulinificha. Siku ile ya uzinduzi uliposhika chungu nikupige picha, niliona doa jeusi la moshi tumboni mwake, lile linaloachwa na nyasi. Nimekua nikivipanga vyungu vyenu juu ya kuni, nitaachaje kulijua? Nilikigeuza mikononi mwako ili doa litazame nyuma. Ukaniangalia, nikakwambia tabasamu. Miaka miwili nimeandika taarifa kuhusu tanuru nikijua, na nilikuomba idadi nikijua, kwa sababu nilitaka uongo uandikwe na mkono wako, mimi niunakili tu. Kisha nikakwambia neno changamoto. Nikilikumbuka nasikia joto usoni, hata nikiwa peke yangu.

Nimewaandikia wote wiki iliyopita. Ofisi, ubalozi wao, na ile wizara yenye picha yako. Nimetia jina langu na tarehe zote. Bwana Anyitike aliniita, hakupaza sauti, akasema mkataba wangu unaishia Desemba na hautaongezwa. Ubalozi walinijibu kwa mistari minne. Yale matanuru sita wameyasimamisha kwanza. Kuhusu boti wamesema bajeti ya mwaka imefungwa, na maombi mapya yatafikiriwa kwa kufuata sera iliyopo. Boti iko ghalani, nilikwenda Kyela nikaiona kupitia nondo za dirisha. Wameifunika turubai safi.

Ningependa kukwambia nimerekebisha kitu. Sijarekebisha. Nimesema tu, na nimesema mtoto akiwa amezikwa.

Nataka kuja kwenye kaburi, na nataka kumwona Asifiwe, lakini naogopa, na siogopi kupigwa. Naogopa ataniuliza nimelalaje. Niambie wewe kama nije au nirudi. Ukisema nirudi nitarudi, wala sitakuuliza kwa nini. Na kama kuna namna ya kumwambia wewe kwanza, polepole, kabla hajaniona, nakuomba.

Jeni

*

Ikombe,
14 Desemba 2025, baada ya ibada

Jeni,

Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama, kisha nikakaa. Lile doa sikujua kama uliliona. Nimelifikiria ibada nzima, sikusikia mahubiri. Basi tulikuwa wawili, kila mmoja akimficha mwenzake alichokwisha kukiona.

Mimi nakusamehe, na ni rahisi kwangu, kwa sababu nami nina la kusamehewa. Lakini Asifiwe hakumwashia moshi mtu yeyote na hakugeuza chungu. Kwa hiyo hilo unaloniomba, nimwambie mimi kwanza polepole, sitalifanya. Nimemwambia tu kwamba uko Matema na una neno. Naye akasema uje uliseme mwenyewe, kwa mdomo, na yeye ataamua siku hiyo kama atakujibu au hatakujibu.

Usimwandikie. Nami usiniandikie tena juu ya hili, tumeandikiana vya kutosha mwaka huu. Nsajigwa anatoka hapo kesho saa nne asubuhi. Nimemwambia akusubiri.

Panda.

Damari